Maji ya Kwanza Humwagwa

Mimi si mtu wa kanisa. Niliseme hilo mapema.
Niliitwa kwa sababu nina ngazi na koleo,
na upande huu wa barabara ya lami
ni mimi pekee nijuaye kukunja bati likawa mfereji
bila kulipasua.

Nchi hii ya Paragwai inaitwa Chako,
ila si chako wala si changu:
ni ya wenye ng'ombe.
Ukichimba mita kumi unapata maji ya chumvi,
sabuni haitoi povu, maharage hayaivi,
mtoto anakunywa na kiu inazaa kiu.
Tulikunywa bwawani pamoja na mifugo ya tajiri,
mifugo ikitangulia, maana yenyewe ina mwenyewe.
Lori la maji la serikali huja mwaka wa kura.
Likiondoka linaacha picha ya mtu anayetabasamu.

Kanisa lilikuwa na vitu viwili vya maana:
paa, kubwa kuliko paa lolote kijijini,
na kopo la maziwa ya unga lenye pesa ya kengele.
Miaka kumi na mmoja ya pesa ya kengele.
Sarafu za asali, sarafu za mikoba waliyosuka kina mama,
noti moja ya Wilfrido, alipopona sumu ya nyoka.

Siku waliyopiga kura nilikuwa nje, dirishani,
nikijifanya napima ukuta.
Bibi Celsa akasema, "Mungu si kiziwi.
Tumemwita miaka yote bila kengele.
Lakini mjukuu wangu anaharisha tangu Pasaka."
Hata shemasi Belarmino, aliyekwisha kuichagua kengele yake pichani,
aliinua mkono, polepole,
kama mtu anyanyuaye ndoo.

Tangi likaja, lita elfu ishirini, tumbo tupu.
Kisha mbingu ikatupa kisogo.
Subira huvuta heri; yetu ilivuta vumbi.
Wiki tisa za upepo wa kaskazini.
Watoto waliingiza vichwa katika tundu la tangi
wakaita majina yao, wayasikie yakirudi makubwa.
Watu walinitazama kama mwizi,
nami nikaanza kukagua misumari isiyo na kosa.

Ilikuja Jumanne. Si hata Jumapili.
Upepo ukageukia kusini, ukanuka chuma,
na tone la kwanza likagonga bati kama jiwe la mtoto mtundu.
Nikakimbia, si kushangilia: kufungua kizibo.
Maana maji ya kwanza yanaosha paa,
vumbi, mavi ya njiwa, mabawa ya kumbikumbi.
Robo saa yamwagwe.
Haya, waambie hivyo watu waliongoja wiki tisa.
Walisimama na vyombo mikononi,
maji yakipita mbele yao, mekundu,
ardhi ikiyanywa bila kushukuru.
Shemasi alinikamata shati. "Funga!"
Bado.
"Funga, mwana wa shetani!"
Bado.

Ndipo Bibi Celsa, ameloa hadi mifupani, akacheka.
"Tukinywa terere, pembe ya kwanza tunammwagia nani?"
"Mtakatifu Tomaso," akajibu mtoto.
"Basi leo mtakatifu ana kiu. Mwacheni anywe."

Aliposhiba, nikageuza bomba.
Maji yakaanguka ndani ya lile tumbo tupu,
na mlio wake sijui niuite nini.
Belarmino aliusikiliza, kichwa kimeinama,
shati langu bado liko mkononi mwake.

Huu ni mwaka wa tatu.
Bomba halina kufuli. Lilikuwa nalo siku nne,
walipobishana kama wasiosali nao wateke;
asubuhi ya tano kufuli likakutwa mchangani, limekatwa.
Koleo lililotumika silijui.

Ibadani bado siingii.
Ila mawingu yakianza kukusanyika
napanda kufagia paa,
na kama ni Jumapili nawasikia chini ya miguu yangu.
Wakifika "utupe leo"
nasimamisha ufagio kidogo,
kelele zisiwazidi.