Paji la Uso

Ndahani kaleta picha ya bibi yake, hapa Kibaigwa,
imekunjwa mara nne, inanuka ugoro.
"Nitolee vumbi," kasema, "na hiyo mikunjo,
na kile kiduara cha kwenye paji.
Msibani watakuja watu wa mjini."

Kompyuta yangu ilistaafu shule ya kata.
Programu sikuinunua, wala hainidai;
waliiandika watu nisiowajua, usiku wao,
wakaiacha kama kisima cha mchangani:
mwenye kata achote.

Nimeskani. Nimeongeza tabaka.
Brashi inachota ngozi hapa, inaibandika pale.
Mkunjo wa kwanza umefumba kama kidonda cha mtoto.
Wa pili unapita jichoni. Huo nimeushona saa nzima,
punje kwa punje, umeme ukikatika mara mbili.

Halafu nindi.
Mbofyo mmoja tu. Paji likabaki laini,
paji la mtu yeyote,
la mwanamke wa kwenye boksi la sabuni.

Nje lori la mahindi likapiga honi.
Ndahani akainama kwenye kioo, akajigusa
katikati ya nyusi, pasipo na kitu.

"Sasa huyu nani?"

Nikabonyeza kurudi nyuma, nikarudi mno:
nindi imerejea, na jicho limepasuka tena.
Nikashika brashi.
"Liache," akasema. "Hata hilo
lilikuwa linamsumbua."

Akalipa elfu tatu,
ya vumbi.