Mtu wa Kumi

Walishuka kwenye behewa la mizigo, Entre Ríos,
familia saba na hati moja ya Torati
iliyoviringwa ndani ya mto wa manyoya ya bata.
Wakala aliahidi nyumba.
Palikuwa na nyasi, na upepo, na nyasi.

Babu yangu Zalmen alikuwa fundi viatu.
Ng'ombe alimjua kwa ngozi yake tu.
Jirani, Eleuterio, mchunga farasi,
alimwona akifunga nira kinyumenyume, akacheka mpaka akakaa chini;
kesho yake akaja alfajiri, na keshokutwa,
akamshika mikono kama mtoto anayefunzwa kuandika,
hata mstari wa plau ukanyooka.

Wanaume walikuwa tisa.
Sala ya jamaa yataka kumi.
Kila Sabato, ndani ya banda la mabati,
walikaa wakiutazama mlango.
"Labda leo," Getzel alisema.
Bibi Pesel, mimba ya miezi saba,
alipiga hesabu yake kimya:
hata akiwa wa kiume, miaka kumi na mitatu.

Oktoba wakaanza kuomba mvua,
maana ndivyo walivyoomba baba zao.
Sikukuu ya mavuno ilifika
ngano ikiwa bado kijani, haijui lolote.
"Mungu anajua tulikohamia?" Pesel aliuliza.
Zalmen akasema: "Barua tumeituma kwa anwani ya zamani.
Ataipata."

Wakaja nzige.
Walikula ngano, wakala vitunguu,
wakatafuna mpaka rangi ya kijani ya mlango.

Ijumaa moja, jua likizama,
akatokea Faivish, kwa miguu, kutoka koloni lililokufa,
kuku mmoja kwapani.
Hawakumuuliza jina.
Walimsimamisha upande wa mashariki, wakaanza.
Alilia sala nzima; wakasema, mcha Mungu huyu!
Kumbe ni viatu.
Jumapili Zalmen akamtilia soli mpya.

Kuku yule alitaga.
Sijui niwaeleze vipi mengine: ushirika, ghala,
kiwanda cha siagi, sinagogi la matofali,
binti wa Eleuterio akibishana bei ya mayai kwa Kiyidi
kuliko mimi.

Bado tunaomba mvua msimu wa kuvuna.
Mwaka jana ilinyesha kweli, miganda iko nje.
Tukakimbilia maturubai, tukilaani,
na mjomba Anshel, maji yakimtiririka ndevuni,
akaitikia Amina.