Pipa Tupu

Ghala la bati nje ya mji wa Laramie,
feni pana kama mdomo wa handaki.
Verlene anavaa miwani, anaandika: pipa la kijani,
tupu, kifuniko kikitazama feni. Anapandisha upepo.

Kwa hamsini, kifuniko kinapiga makofi.
Kwa sitini na tano, magurudumu yanakumbuka kazi yake.
Kwa themanini, chali.

Analiinua. Kilo kumi za mchanga: linayumba, halianguki.
Kilo ishirini: limeganda
kama mdai mlangoni.

"Kumbe ni uzito tu," anasema Dwight akizima feni.
"Hilo ndilo tunalolipwa kugundua?"

Verlene hajibu. Anawaza mtaa wake, Jumanne alfajiri:
mapipa ya wenye watoto yamesimama wima,
yameshiba nepi na maboksi ya piza.
La Halvorsen ndilo hulala katikati ya barabara,
mdomo wazi:
gazeti, pakiti ya maziwa, ganda la yai.
Yai moja. Tangu Machi.

Siku hizi, kila Jumatatu usiku,
anavuka theluji na tofali jipya mkononi,
analishusha hadi chini kabisa,
polepole, lisigonge.

Kwenye ripoti, penye Mapendekezo,
bado ni peupe.