Mnato

Dada yangu Kalunde alianzia kwenye asali.
Baba alikuwa amerudi kutoka mizingani Ipole
na madebe mawili. Ilikuwa Juni, asubuhi ya baridi,
asali haitaki kutoka. Kalunde akainamisha debe,
akahesabu kwa sauti,
na uzi wa kwanza haukugusa sufuria
mpaka arobaini na saba.
Mchana, jua likiwaka, akarudia. Tisa tu.
Alikuja jikoni kutueleza
kama mtu aliyefumania wezi.

Miaka thelathini na minne baadaye walimwita profesa.
Ya katikati nayajua vipande:
kwamba makala yake ya kwanza ilirudishwa mara nne,
mara ya nne kwa maneno mawili, *si jipya*;
kwamba alijenga mfereji wa majaribio
kwa vioo vya kabati la duka lililofilisika,
akadondosha wino wa buluu majini
na kukesha akiutazama unavyonyooka, unavyosita,
halafu ghafla unavyovurugika.
Ipo namba, alisema, ukishaivuka
mkondo hausikii la mwadhini wala la mteka maji.
Shemeji hakukaa kuisubiri namba hiyo.
Hilo halimo katika chapisho lolote.

Siku aliyopandishwa cheo alinipigia simu:
"Kitundu, wamenipa ofisi yenye dirisha."
Nikauliza linatazama nini.
"Ukuta."
Tukacheka mpaka salio likaisha.

Desemba amestaafu. Treni ilimshusha alfajiri
na makasha kumi na moja ya vitabu;
mchukuzi akauliza kama ni misumari.

Sasa tuko Isevya, saa nane za usiku,
zamu ya maji ya mtaa wetu.
Ndoo zimejipanga tangu magharibi.
Bomba linakohoa, linatema hewa,
kutu, hewa tena.
"Profesa," akasema Mama Shija, "si wewe uliyesomea maji?
Haya, yanakuja saa ngapi?"

Nikamwonea haya dada yangu. Yeye akachuchumaa,
akaweka kiganja juu ya chuma
kama anayepima homa ya mtoto.
"Sijui," akasema.
Kisha akaanza kuhesabu, kwa sauti,
na watu wakanyamaza, hata wale wa nyuma
waliokuwa wakigombania nafasi.

"Umeruka themanini na tatu,"
akasema mjukuu wa Mama Shija, amekalia dumu.

Kalunde akamtazama muda mrefu.
Akaanza upya. Moja.