Swali la Tatu, Alama Nane

Darasa letu liko juu ya duka la misumari, Kariobangi Kusini,
saa kumi na moja hadi saa moja, kabla sijaenda lindoni.
Madawati ni ya watoto; magoti yetu hayajui pa kwenda.
Mwalimu Mumbua anagawa nakala zilizofifia,
kurasa tisa, wa sita umeliwa nusu na mashine,
anasema: leo hadithi ya kutisha.

Nyumba ya mawe. Theluji, ambayo Kageha
anaifananisha na ukungu wa friji ya bucha.
Bwana mmoja anamfungia kakaye ghalani, chini ya ardhi,
kwa ajili ya urithi. Anamwachia mshumaa.
Hapigi, hakati, hamwagi damu:
anageuza ufunguo tu, anapanda ngazi, anakwenda kula.

Tangu siku hiyo kila mkate una ladha ya nta.
Anabadilisha mwokaji. Anabadilisha unga.
Siku ya ubatizo wa mwanawe
anatema tonge mbele ya kasisi
na kupiga kelele: Fungueni ghala!

*Je, nta ni ya kweli au ya mawazoni? Thibitisha.*

Lekishon kaandika: Kichaa.
Kichaa si jibu, anasema Mwalimu, ni njia ya kukwepa swali.
Kageha, muuza mitumba Gikomba, anasema nta ipo,
wale wageni wengine ndio hawana ulimi.
Tukacheka. Mimi nilichelewa kucheka.

Maana Julai ile, saa nane na robo usiku,
Kileleshwa, baridi imehamia mifupani kama mpangaji sugu,
mtu alisimama nje ya geti langu.
Hakugonga kwa jiwe. Hakuita soja.
Alisema hodi.
Nani humpigia hodi geti la chuma, usiku wa manane,
nyaya za umeme zikinong'ona juu yake?
Sauti ya mwanamke, ya adabu,
kama aliyekuja kuomba chumvi.
Karatasi kibandani, imevalishwa plastiki:
GETI LISIFUNGULIWE BAADA YA SAA NNE.
Nikapunguza redio. Nikashika kikombe kwa mikono miwili.

Hodi.

Tulifundishwa utotoni: hodi ni mara tatu;
ya tatu isipoitikiwa, geuka, usiudhi wenyewe.
Naye alifundishwa hivyo hivyo.

Hodi.

Akageuka. Nilisikia ndara zake,
kisha ndara moja,
kisha mlango wa gari.

Alfajiri nilifagia. Sikuona damu, naapa,
wala magazetini sikuona kitu, na nilitafuta
hadi kwenye matangazo ya vifo, jina nisilolijua,
uso nisiouona.
Ndara ya bluu, mguu wa kushoto, kisigino kimelika upande,
imo kashani mwangu chini ya koti la mvua.
Mwenye nyumba alinisifu: wewe unafuata amri.
Akaniongezea mia tano kwa mwezi.
Ndiyo ninayolipia darasa hili.

Taa zikazima; tokeni zimekwisha tena.
Gizani, mlangoni, kijana wa chai akasema, Hodi,
na kabla darasa halijafungua kinywa
nilikuwa nimesimama, dawati limening'ang'ania mapajani,
Karibu! Karibu, ingia, karibu,
kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua,
mpaka kijana akarudi nyuma hatua mbili
na chai ikamwagikia viatu vya Lekishon.

Niliandika kurasa mbili na nusu kwa mwanga wa simu.
Nta ni ya kweli, nilianza. Nathibitisha.

Alhamisi karatasi ikarudi.
Tatu kwa nane. Chini, kwa wino mwekundu,
mwandiko wa Mwalimu umelala kidogo, kama aliyesita:
*Hati nzuri. Lakini mfano huu
hautoki katika hadithi.*