Mbao Mbichi

Kizota, asubuhi, vumbi la mbao limelitangulia jua.
"Unataka mbao gani?" akauliza Mgaya,
nami, fundi wa juzi, nikajibu: "Nzuri."
Akacheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni.

Paina ya Mafinga, mbili kwa nne, futi kumi na mbili.
Nikalipa bila kupapasa,
nikaipakia kwenye guta, ncha nimeifunga
kitambaa chekundu, kwa fahari.

Siku tisa tu. Upepo wa Dodoma
uliyanywa maji yote yaliyokuwa ndani,
ubao ukajikunja kama aliyeudhiwa,
na stuli yangu ikasimama kwa miguu mitatu,
wa nne unaning'inia, unatafuta sakafu.

Sabasaba, Chiloleti akanipimia skrubu kiganjani:
"Bisibisi ya nyota hii, ya bapa ile.
Ukizichanganya utazinyoa vichwa."
Bawaba akakataa kuniuzia. "Bado huna mlango."

Randa niliipata Chang'ombe,
kwa mjane wa fundi Masinjisa.
Mpini una kibonde cha dole gumba lake,
miaka thelathini ya kusukuma.
Dole langu likaelea humo, dogo.
Mama yule hakupunguza bei hata mia.
Aliongeza jiwe la kunolea.

Leo nimerudi kwa Mgaya.
Nikafumba jicho moja, nikauchungulia ubao
kama mtu anayelenga shabaha,
nikaugonga konzi, nikaunusa.
"Huu haujakauka."

Hakucheka. Akaenda nyuma ya banda,
akaanza kupangua rundo
kutafuta za chini.