Safu ya Saba: Chakula kwa Mdomo

Mama yake aliniuliza mara moja tu:
"Mwanangu anakula nini?"
Nikamwambia, anakula kwa mshipa.
Akautazama mfuko uliotundikwa,
mweupe, mzito, ukidondoka polepole,
akasema, "Tui hili limekamuliwa nazi gani?
Na huo mshipa, una meno?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na fomu.

Faki Shaame, miaka kumi na tisa, wa Kiuyu.
Alianguka mkarafuuni, mfupa haukuvunjika,
akacheka, akapanda tena, akalimaliza tawi.
Siku ya tisa paja likawaka moto kwa ndani:
ngozi safi, haina jeraha wala kipele,
na chini yake mnofu unaoza kimyakimya
kama fenesi lililoanguka usiku.

Daktari Nadhira alipopasua
tulikinga usaha bakuli mbili.
Kijana wa maabara akaniita nichungulie darubini.
"Unawaona bakteria? Vishada, kama zabibu."
Zabibu mimi naziona dukani, kwenye pakiti, zimekauka.
Nilichokiona ni karafuu kwenye konyo lake,
mbichi, zimebanana, zinangoja mkono.

Kisha maradhi yakafika tumboni. Utumbo ukagoma.
Na huo ndio utafiti wenyewe:
anayeugua msuli namna hii, tumbo likilala,
tumlishe kwa mshipa
au tuliamshe tumbo kwa kijiko cha uji?
Bahasha ndiyo inayoamua. Ya Faki ilisema mshipa.
Basi kila baada ya saa sita namsikiliza tumbo, naandika.
Safu ya tano, joto. Ya sita, sauti za utumbo: hakuna.
Ya saba, chakula kwa mdomo: sifuri.
Sifuri. Sifuri.
Mkono wangu umelizoea duara hilo

na Bi Mkasi kila alfajiri anashuka Wete
na chupa ya uji wa mtama, pilipili manga juu,
anafungua kifuniko, anaacha mvuke upande,
anafunga.
"Harufu," aliniambia, "hamjaikataza."

Usiku wa nne gari ya mwisho ilimwacha.
Saa tisa nilivua viatu nisiwaamshe wagonjwa
nikamkuta kainama,
kidole chake kimo kinywani mwa mwanawe
kama alivyomlambisha siku yake ya kwanza duniani.
Asali. Ncha ya kidole.
Hakushtuka.
"Andika," akasema. "Usiseme uongo kwa ajili yangu."

Ningeweza kunyamaza.
Asali kiasi kile haipimiki, mizani yetu inaanzia gramu tano.
Na nikiandika, huenda Faki akatolewa kwenye hesabu,
arobaini wakabaki thelathini na tisa,
kazi ya miezi minane ikaingia doa.
Kalamu ilikwisha kuanza duara.
Sikulifunga.

*Asali, ncha ya kidole, saa tisa usiku, mkono wa mama.*

Saa tatu asubuhi niliweka chombo karibu na kitovu.
Kimya kilekile, kisima cha kiangazi.
Kisha, mbali, tone.
Kisha chango likajinyoosha, likanguruma
kama mtu anayesogeza kitanda chumba cha pili.
Faki akafumbua jicho moja. "Nani huyo?"

Siwezi kusema ni asali.
Huenda ni dawa, huenda ni usaha kutoka,
huenda siku zake zilitimia tu.
Mtu mmoja si ushahidi; hilo nalijua,
nawafundisha wanafunzi wa uuguzi kila Jumatatu.

Daktari Nadhira aliisoma safu ya saba mara mbili.
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio.
Neno hakulifuta.
Pembeni yake aliweka, kwa penseli, alama ya kuuliza,
ndogo, imejikunja kama utumbo.

Bado ipo.